Vyombo Vilivyotobolewa

Tekla Valerian alikuwa hawezi kuona kitu kimetupwa akakipita. Ukitupa ungo uliochakaa, wiki ijayo unaukuta ukutani kwake, umepakwa rangi, umetiwa mashine ya saa na mishale inatembea. Chupa ya chai iliyopasuka aliigeuza taa. Dumu la mafuta alilikata likawa la kumwagilia bustani, tairi likawa kiti, na mnyororo wa baiskeli ukawa wa kuning'inizia maua barazani. Pale njia panda ya Mingoyo, magari ya Masasi na ya Mtwara yanapoachana, watu walimwita Mama Jalala, tena mbele yake, naye anacheka. Jina lilimletea wateja.

Lakini kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine, na tukiseme mapema tusizungushane. Tekla alikuwa hajawahi kusimama kwenye kaburi la mama yake.

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa Mmwera wa Nyangamara, Mwislamu. Aliolewa na Mmakonde wa Newala, Mkristo, ndoa ambayo ndugu wa pande zote mbili waliinunia mpaka ikavunjika. Bi Somoe akarudi kwao na kifurushi cha nguo na vyombo vyake viwili vitatu. Tekla akabaki kwa baba, mdogo bado wa kulishwa uji. Akakua akiambiwa mama yako alikuacha, na mtoto akiambiwa jambo kila siku mwisho analiamini. Alipokuwa mtu mzima na habari za msiba zikamfikia, mama alikuwa ameshazikwa. Tekla akasema, sasa niende kufanya nini? Hakwenda. Arobaini hakwenda, hitima hakwenda, na kila mwaka aliokaa bila kwenda uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Kutoka Mingoyo mpaka Nyangamara si safari ya kufungashiwa chakula. Ulikuwa uzito wa moyo tu.

Mwaka huu aliamua. Uani kwake palikuwa na mifuko ya saruji chini ya turubai. Kabla mvua hazijaanza atakwenda, ataulizia kaburi la Bi Somoe, alijengee kama watu wengine wanavyowajengea wazazi wao. Akishalijenga, ndipo atajua kama amekwenda kuomba radhi au kugombana.

Basi, saruji ikiwa inasubiri, akaja Sixbert.

Huyu Sixbert ni mtu wa Singida, ana mke na watoto hapo hapo Mingoyo, anazunguka vijijini na guta lake akinunua vyuma chakavu. Kila akipata kitu kisichofaa kwa wanunuzi wa chuma anamletea Tekla. Siku hiyo alishusha viroba vyenye vyombo vya bati: mabakuli, sahani, vikombe, sinia moja lililopinda. Vyote vina masizi ya moto wa nyasi.

"Umevitoa wapi?" Tekla aliuliza.

"Huko ndani, njia ya Masasi. Porini, moto umepita. Vimelala tu kwenye majivu, watu wametupa."

Njia ya Masasi ina vijiji chungu nzima. Angeuliza kijiji gani, tusingekuwa na la kusimulia. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameshageuza bakuli la kwanza juu chini na kuona kitu kilichomfurahisha. Lilikuwa na tundu. La pili nalo, tundu. Sahani, tundu. Vyote.

Kwa mtu mwingine, chombo kilichotoboka ni takataka. Kwa mtu wa kazi ya Tekla ni bahati. Chombo cha maua lazima kitoe maji chini, la sivyo mizizi inaoza, na bati lile la kupakwa rangi ya kung'aa ni tabu kulitoboa. Ukigonga msumari vibaya, rangi inabanduka yote. Hapa kuna mtu amemfanyia kazi. Tena amefanya vizuri, tundu moja katikati, limepigwa kutokea ndani. Kutu haitoboi hivyo. Kutu inakula pembeni pembeni, inaacha meno. Tekla aliliona hilo, vidole vyake vililiona kabla ya macho. Akanyamaza nalo, akasema moyoni, afadhali, kazi imepungua.

Akavisugua kwa mchanga na msasa, akavipaka rangi nyeupe ya mafuta, vyote sare, kwa sababu wateja wa siku hizi wanataka vinavyofanana. Akapanda mrehani humo, na mshubiri, na maua ya kutambaa. Kimoja tu hakukipaka. Lilikuwa bakuli la buluu lenye ukingo mwekundu, zuri hata kwa masizi yake. Alikaa nalo mapajani muda mrefu siku ile, analipangusa kwa upindo wa kanga, hajui kwa nini haliweki chini. Kesho yake mama mmoja alishuka kwenye gari la Mtwara kununua maji, akalitamani. Tekla akamuuzia. Gari likaondoka.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza, wala si usiku wa manane kama watu wanavyopenda kusimulia. Yalianza saa ya chakula cha mchana, jua limewaka, barabara ina kelele zake.

Tekla alikuwa anaishi peke yake, watoto wake wako Dar. Akapika ugali wake wa mtu mmoja. Alipouepua akakuta sufuria imejaa. Akajicheka, akadhani mawazo yamempeleka mbali. Kesho yake akapika wali, akautazama mchele mkononi anapoupima. Bado akapakua chakula cha watu kumi. Mkono ulikuwa unapima wenyewe. Akaanza kugawa kwa majirani, na majirani wakaanza kuuliza kama kuna shughuli.

Kisha ikaja ile sauti. Alikuwa amekaa barazani, vyombo vyeupe vimepangwa mbele yake na mrehani unanukia, akasikia mtu anakomba bakuli. Unaijua sauti ya vidole vikikomba bati, mtu amemaliza na hajashiba. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ikasikika upande wa pili, halafu kule mwisho, kila chombo kwa zamu yake, polepole, bila fujo yoyote. Walikuwa wanakula kwa adabu. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Kama wangekuwa wanagombana angepiga kelele, lakini utamfukuzaje mtu anayekula kwa adabu?

Hakumwambia mtu. Angesema nini, mimi Mama Jalala vyombo vyangu vinakula? Akajitia kazi nyingi. Ila kila mchana akawa anainuka barazani na kwenda kukaa ng'ambo ya barabara mpaka saa ya chakula ipite.

Wa kwanza kurudisha alikuwa Joyce, dada anayesimamia nyumba ya wageni karibu na stendi. Alikuwa amenunua vyombo kadhaa vya kupamba ukumbi wa chakula. Alikuja navyo kwenye bajaji, amevifunika shuka.

"Dada Tekla, sitaki kurudishiwa kitu. Chukua tu."

"Maua yamekufa?"

"Yamestawi mno." Joyce hakumtazama usoni. "Wageni wanalalamika kuna watu wanakula nao. Mmoja amehama katikati ya chakula, ameacha samaki wake mezani. Sasa na wewe usiniulize zaidi, mimi nina biashara ya kulinda."

Akaondoka. Tekla akabaki na vyombo miguuni, na mrehani umestawi kweli, majani mapana, unanukia mpaka barabarani.

Siku chache baadaye akapita Binti Shamte. Alikuwa bibi mzee wa kujikongoja, mkulima wa korosho, ameshuka Mingoyo kubadili gari aende hospitali Lindi kwa ajili ya macho yake. Macho hayo hayo mabovu yakatua kwenye sahani moja nyeupe ukingoni mwa baraza. Sahani ile ilikuwa na kiraka, bati dogo lililopigiliwa kwa ribiti pembeni, na rangi ya Tekla haikuweza kukificha. Bibi akainama, akakigusa kile kiraka kwa kidole gumba. Halafu akaketi chini pale pale, kwenye vumbi, akakunja miguu kama mtu aliyefika ugenini.

"Shikamoo, bibi," Tekla alisema. "Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshakaa." Alikuwa anaongea na Tekla lakini anaitazama sahani. "Kiraka hiki alikipiga Hussen mwenyewe. Mume wangu. Nilimwambia tutanunua nyingine, akasema hii bado."

"Labda inafanana, bibi."

"Tundu hili nimelitoboa mimi kwa msumari na jiwe, siku ya tatu ya msiba wake. Nililia nikakosea, nikapiga mara mbili. Geuza uone."

Tekla akaukung'uta mrehani, akamwaga udongo, akageuza. Palikuwa na tundu moja na alama ya pigo la pili kandokando yake.

"Kwenu Newala labda hamfanyi," Binti Shamte alisema, baada ya kumuuliza kwao ni wapi. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kwetu mtu akifa, chombo alichokuwa akilia chakula kinawekwa kaburini kwake. Kinatobolewa kwanza, ili nacho kife kimfuate, na aliye hai asikitamani. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Wanaume wanazika, wanarudi. Baadaye ndipo tunapeleka chombo, na tunamjua mtu wetu kwa chombo chake. Hatuna mawe ya kuandika majina. Moto ulipopita tukaenda kufagia, tukakuta hakuna kitu. Tulidhani ni fisi, mwanangu. Tukasema fisi wa mwaka huu wanakula bati."

Tekla akauliza makaburi yale yako wapi.

"Nyangamara."

Tekla akamtajia jina la mama yake. Binti Shamte akamkazia macho, akawa anatafuta sura ya mtu kwenye sura ile.

"Wewe ndiye mtoto wa Somoe? Yule wa kwa Wamakonde?" Akatikisa kichwa. "Tulikungoja. Yeye alikungoja kuliko sisi. Alikuwa na bakuli lake la buluu, ukingo mwekundu. Alirudi nalo kutoka kwa mumewe, hampi mtu alitumie. Anasema hili ndilo mwanangu alikuwa anakulia uji. Alilia chakula humo mpaka anakufa, nami ndiye niliyelitoboa."

Tekla hakulia pale. Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango, akaziba mdomo kwa kanga. Lile bakuli alikuwa amelishika. Alikuwa amelipakata mapajani alasiri nzima, na mikono yake ikataka kumwambia, naye akaliuza kwa mtu asiyemjua jina, kwenye gari lisilojulikana. Nani anakumbuka gari lililosimama Mingoyo kununua maji?

Hata hivyo alilitafuta. Aliuliza wauza maji, aliuliza wapiga debe, alipanda mpaka Mtwara akazunguka stendi na sokoni anaeleza rangi za bakuli kwa watu wanaomwangalia kwa huruma ya kutaka aondoke. Hakulipata. Vingine vyote alivipata, kimoja kimoja, kwa majirani, zahanati, hata kimoja kilichokuwa kinanyweshea kuku. Waliompa walimpa haraka, wengine wakaviweka nje ya mlango kabla hajabisha hodi. Nadhani nao walikuwa wanasikia.

Akavitoa rangi kwa petroli na kisu. Chini ya weupe ule wa sare wakaanza kutokea watu: bakuli la kijani lenye maua, sahani ya manjano iliyoliwa ukingo, kikombe cha mtoto chenye picha ya bata. Hicho cha mtoto alikiosha mara nyingi kuliko vingine. Siku zote hizo mkono wake uliendelea kupika chakula cha wengi, naye hakugawa tena kwa majirani. Alikipakua chote kwenye sinia, akakiweka barazani katikati ya vyombo, akakaa nao.

Wakaenda Nyangamara kwa guta la Sixbert. Sixbert alikuwa amekonda kwa hofu tangu alipoelezwa. Kwao makaburi yana misalaba na mawe, alikuwa anarudia njiani, angejuaje? Nyuma walibeba vyombo vilivyofungwa kwenye mashuka na mfuko mmoja wa saruji, maana Tekla alikuwa bado na matumaini ya kuonyeshwa kaburi.

Watu walikuwa wanangoja. Hakuna aliyewatukana, Binti Shamte alikuwa ameshawatuliza, ila mwanamume mmoja, Abilahi, baba wa yule mtoto wa kikombe cha bata, alikataa mkono wa Tekla na kukichukua kikombe chake kwa mikono miwili. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kijituta kifupi chini ya mkorosho, akakiweka. Hakusita. Nyasi zimeungua, matuta yamedidimia, vyote vinafanana, lakini alijua.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Tekla alikuwa amekaa siku nyingi akiogopa kwamba amewapotezea watu wafu wao, kwamba bila vyombo hakuna atakayejua nani kalala wapi. Kumbe walijua. Wanawake walipokea vyombo vyao, wakaenda. Huyu amekuwa akifagia pale kila mwezi wa Shaabani. Yule anajua kwamba baba yake yuko hatua chache kutoka kwenye kichuguu. Miguu yao ilikuwa imezoea njia. Chombo kilikuwa ukumbusho tu kwao, hata kingepotea wangefika.

Kati ya wenye vyombo, ambaye hakuwa na miguu ya kumjia alikuwa mmoja, Bi Somoe. Yeye alikuwa na bakuli tu.

Mwisho pakabaki matuta mawili kwenye kona, karibu karibu, hayana kitu juu yake. Tekla alimuuliza Binti Shamte ni lipi.

"Moja ni la mama yako. La pili ni la mtu wa mbali, alikuja kupalilia korosho, akaugua akafa. Hatukumjua kwao wala dini yake, na hakuwa na chombo. Alikuwa anakula kwenye cha mwenye shamba." Bibi alisogea karibu, akayapapasa kwa macho yake mabovu, moja, halafu jingine. "Mimi nilikuwa naliona bakuli, mwanangu. Silioni bakuli, sioni mtu."

"Waliochimba?"

"Wengine wamelala humu humu. Wengine walikwenda zao Dar."

Wakaulizwa wazee wawili watatu waliobaki. Mmoja akasema kulia, mmoja akasema kushoto, wakaanza kubishana, mwisho wakaona haya wakaacha. Sixbert akanong'ona, mama, yajenge yote mawili. Tekla akatikisa kichwa. Alikuja kumjengea mama yake, siyo kumficha kwenye saruji asijulikane yuko upande gani. Akiyajenga yote atakuwa amepaka rangi nyeupe tena.

Watu wakaelewa, wakatawanyika kidogo kidogo, wakaenda kukaa na watu wao. Palikuwa na jua bado. Tekla akaketi chini katikati ya yale matuta mawili, mahali pa kupitisha mtu mmoja tu, goti moja likigusa tuta hili, goti la pili likigusa lile. Alikuwa amejiandaa na maneno mengi, ya kuomba na ya kulaumu, ameyapanga kwa miaka. Alipofungua mdomo likatoka lile ambalo mtoto yeyote anaanza nalo anapoingia kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Akangoja.

"Marahaba," ikaitika upande wa kulia.

"Marahaba," ikaitika upande wa kushoto.

Zote zilikuwa sauti za chini, kavu, za watu ambao hawajasalimiwa siku nyingi na wamefurahi. Wala hazikuwa za kike wala za kiume. Tekla akasalimia tena, akasikiliza kwa roho yake yote, na tena wakaitika wote wawili, kwa pamoja, kila mmoja kama yeye ndiye aliyeitwa. Alikaa pale mpaka Sixbert alipokuja kumwita. Alikuwa anajaribu kukumbuka sauti ya mama yake, na alikuwa haijui.